Nilivunja Uchumba wa Mercy kwa Neno Moja

Nina miaka arobaini na mmoja, Mkenya ninayeishi Seven Hills, kitongoji cha Sydney, Australia, na sijaolewa. Ninayoyaandika hapa hata mama yangu hayajui...

Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Kwa miaka miwili nilimhudumia Bi Nora, ajuza kutoka Ayalandi ambaye baba yake alikuwa mshenga kijijini. Kwao, alinisimulia, mahari yalitoka kwa wazazi wa binti! Nao walikwenda kwanza kukagua shamba la mwanamume. Wanaume wengine waliazima ng'ombe wa jirani ili zizi lionekane limejaa. Tulicheka hadi machozi.

Mpwa wake, Kevin, alikuwa amefiwa na mke. Alifuga ng'ombe nje ya Sydney, na kila Jumapili alikuja kumwona. Siku moja Bi Nora akasema, "Nitamtafutia Kevin mke, kama baba alivyofanya."

Kwa siri nilikuwa nimempenda Kevin! Nani mwingine kama si mimi?

Kumbe... Mercy, rafiki niliyeishi naye, alikuja kunichukua kwa gari. Alikaa dakika kumi tu. Alipotangulia nje, Bi Nora akanishika mkono. "Ni huyu. Nawe utakuwa mshenga wangu."

Mimi! Niliyemwogesha, niliyemchana nywele!

Nilitabasamu, nikakubali. Wakaonana, wakapendana. Mercy akawa anaimba jikoni, akiniuliza, "Dadangu, nivae gauni gani?" Nilitamani kumziba mdomo.

Kisha akaalikwa kwenda kuliona shamba. Wiki hiyo, nikimvisha Bi Nora soksi, nikamnong'oneza kuwa Mercy ana mume Nakuru.

Uongo mtupu!

Bi Nora akamwambia Kevin, naye hakumuuliza Mercy. Aliacha tu kupokea simu zake... Mercy alipiga simu hadi akachoka, nami nikamkumbatia nikisema, "Wazungu ndivyo walivyo." Kuna unyama kushinda huo?

Mwishowe akaenda mwenyewe kwa Bi Nora, akaulizwa habari za huyo mume, akaambiwa ni mimi niliyesema. Aliporudi hakupiga kelele. "Ungeniambia unampenda," alisema, "ningekuachia."

Akahamia Granville, mtaa mwingine wa Sydney. Kevin aliomba msamaha, lakini Mercy alimkataa: hakumtaka mwanamume wa kuamini bila kuuliza. Bi Nora naye akaomba mhudumu mwingine.

Jumapili iliyopita nilikutana na Mercy kanisani. Alinipa mkono kama anavyowapa wageni.

Wenzangu, wivu ukikushika, mwambie rafiki yako usoni, hata kama utaaibika. Mimi niliogopa aibu ya dakika moja... sasa nakula peke yangu.