Jibu la Bi Park

Kila Jumamosi saa saba mchana, Marcelina alitoka kazini katika nyumba ya kutunzia wazee, akakutana na binti yake Koku kwenye kituo cha basi cha Wembley, kisha wakaenda dukani kwa Bi Park.

Lilikuwa duka dogo la vyakula vya Kikorea, kati ya kinyozi na muuza sari. Marcelina alilipenda kwa sababu ya dagaa. Dagaa wakavu wa Bi Park walikuwa safi, hawana mchanga hata chembe, na kwa mtu aliyekulia Bagamoyo hilo halikuwa jambo dogo. Bi Park naye alimwita "Mama Koku" tangu mwezi wao wa kwanza kufahamiana, bila kufundishwa, kwani kwao Korea pia mama huitwa kwa jina la mwanawe.

Koku alikuwa na miaka kumi na miwili na alizaliwa London. Alielewa Kiswahili cha nyumbani, lakini akisemeshwa alijibu kwa Kiingereza. Siku hizi alikuwa na tabia moja zaidi: kumsahihisha mama yake mbele ya watu.

Jumamosi hiyo Marcelina alisimama mbele ya chupa za kimchi, yaani kabichi iliyochachushwa kwa pilipili na kitunguu saumu.

"Baba yako angeipenda hii," alisema. "Yule hula pilipili kama analipwa."

Lakini Evodius, baba yake Koku, alikuwa na mwiko wa daktari. Hakuruhusiwa kula kamba, kaa wala uduvi, wale kamba wadogo kama punje za mchele. Miaka miwili nyuma, kwenye sherehe ya ubatizo, alikula vijiko viwili vya mchuzi wenye uduvi. Koo lilivimba, pumzi ikakatika, akachukuliwa na gari la wagonjwa. Tangu siku hiyo alitembea na sindano ya dharura mfukoni.

Marcelina aliinua chupa juu. "Bi Park, hii haina uduvi?" aliuliza kwa Kiingereza chake cha polepole.

"Hapana," alijibu Bi Park, akageuka kumhudumia mteja mwingine.

Marcelina akairudisha chupa mahali pake.

"Mama!" Koku alisema kwa sauti, akitazama kama kuna watu wanaosikia. "Amesema hapana. Maana yake hakuna. Kiingereza ndivyo kilivyo."

"Una hakika? Miwani yangu nimeisahau kazini. Hebu nisomee kibandiko."

Simu ya Koku ililia mkononi. Ulikuwa ujumbe wa rafiki yake Ushma, aliyekuwa akimngoja karibu na uwanja wa mpira: "Uko wapi? Mama yako bado anachagua dagaa mmoja mmoja?" Koku aliichukua chupa na kuitazama upande wa mbele tu, penye maandishi ya Kikorea. Kibandiko cheupe cha Kiingereza kilikuwa upande wa nyuma.

"Nimesoma," alisema. "Hakuna."

"Haya, nenda basi, waziri wa haraka."

Kesho yake, baada ya ibada, waliketi mezani. Kulikuwa na wali, dagaa wa kukaanga, na kimchi kwenye bakuli. Evodius aliinusa, akatabasamu, akajipakulia.

"Mmeuliza?" alisema, uma ukiwa mkononi.

"Nimeuliza, na Koku amesoma kibandiko," Marcelina alijibu.

"Kama Koku amesoma, basi sina shaka."

Koku aliuona uma ukipanda. Alijua jambo moja tu kwa hakika: hakuwa amesoma chochote.

"Baba, usile!"

Alisema kwa Kiswahili. Wazazi wote wawili wakamgeukia.

"Sikusoma," alisema. "Nilisema uongo. Nilikuwa na haraka."

Evodius aliuweka uma chini. Koku alikimbilia jokofu, akaitoa chupa na kuigeuza. Kabichi. Chumvi. Pilipili. Kitunguu saumu. Halafu, kwa herufi nzito kuliko nyingine zote: uduvi.

Marcelina akaliondoa bakuli. "Mimi nilikuwa nimemwelewa Bi Park," alisema taratibu. "Niliirudisha chupa."

Jumatatu, baada ya shule, walirudi dukani. Koku mwenyewe ndiye aliyeeleza yaliyotokea. Bi Park alishika kifua.

"Kwa Kikorea, ukiniuliza 'haina?' nami nikasema hapana, maana yake umekosea, ina. Miaka ishirini niko hapa, na jibu hilo bado hunitoka kwa namna ya kwetu."

"Kiswahili nacho ni hivyo hivyo!" Marcelina alisema, na wote wawili wakacheka. Koku alisimama katikati yao. Wanawake hao, kila mmoja na Kiingereza chake cha kuungaunga, walikuwa wameelewana vizuri. Aliyekosea ni yeye aliyejiona mjuzi.

Bi Park aliondoka, akarudi na chupa nyingine. "Hii natengeneza kwa mwani, kwa wasiokula samaki. Lakini usiniamini mimi. Soma."

Marcelina akampa Koku chupa hiyo.

"Mwanangu, sikukasirika kwa sababu hukumwelewa Bi Park," alisema. "Kutoelewa ni kwa kila mtu, na dawa yake ni kuuliza tena. Lakini juzi niliazima macho yako. Mtu akiazima macho yako, mpe macho, usimpe maneno. Na ukishakosea, sema mapema, kama ulivyosema jana. Ndiyo maana baba yako leo yuko kazini, hayuko hospitalini."

Koku aliigeuza chupa, akaanza kusoma kwa sauti, akitafsiri kila neno kwa Kiswahili. Alipokwama alimuuliza mama yake. Alisoma viungo vyote, uzito, tarehe ya mwisho ya kutumia, na jina la mtaa ilikotengenezwa.

"Hata anwani?" Marcelina aliuliza.

"Hata anwani," Koku alijibu. "Haina uduvi, Mama. Nimesoma."

Marcelina akaitia chupa kikapuni.