Ngao Mpya ya Jumba la Brissolles

"Usimguse mpaka uwe na hakika," sauti ya Mkuu ilikwaruza kwenye kidude cha sikioni. "Karatasi zake ni safi. Hakimu hasaini hati ya upekuzi."

"Na Bastien?"

"Kimya tangu jana. Hakuna kuingia kwa nguvu, Solène. Umesikia?"

Solène Garrivier alisikia, na alichukia kila neno.

Bastien Lorcy alikuwa mwenzake wa kazi kwa miaka. Alijipenyeza jumbani akijifanya mwashi wa mawe. Ujumbe wake wa mwisho ulisema mapipa ya chokaa uani hayana chokaa, yana hewa ya sumu, na lori litayapeleka Paris. Mwenye nyumba alijiita Hubert de Brissolles, mrithi wa mwisho wa ukoo, aliyekulia Argentina. Kama kweli ni yeye, serikali haikutaka kumgusa mtukufu kwa neno la mwashi.

Solène alifika langoni na kitambulisho cha ofisi ya majengo ya kale. Bastola yake ya Glock ilikuwa chini ya koti.

Akainua macho. Akaganda.

Juu ya lango lile refu, lililojengwa kupitisha magari ya farasi, ngao ya ukoo ilikuwa nyeupe pee: njiwa watatu na taji. Tangu Mapinduzi ya Ufaransa pale palikuwa na makovu ya nyundo tu, na mji mzima wa Moulins ulijua kwa nini hayakuzibwa. Bastien, mtoto wa mji huu, alijua pia. Aliamriwa achonge, akachonga bila kubisha.

Ilikuwa ishara: alikuwa anapiga kelele kwa patasi.

Hubert alimkaribisha sebuleni ghorofani, penye kuta za mbao za kuchonga. Alimimina kahawa mwenyewe, kwa madaha.

"Ngao imependeza, bwana mkubwa."

"Eh, wahuni waliivunja, mimi nimeirudisha. Wazee wangu watafurahi huko waliko."

"Wahuni gani?"

"Wa Mapinduzi, bibie! Kwani shule hukwenda?"

"Nilikwenda. Hapa hapa Moulins." Solène aliweka kikombe chini. "Aliyeivunja ni Brissolles mwenyewe. Alipanda ngazi mbele ya umati ili asikatwe kichwa. Ndugu yake alikataa, akakatwa. Kovu lile ndiyo aibu yao. Kila mtoto wa ukoo husimamishwa chini yake akaambiwa. Wewe hukuambiwa?"

Tabasamu la Hubert lilitoweka. Mkono wake ukaruka kotini.

Solène alikuwa mwepesi zaidi.

Risasi moja. Bega. Jamaa alianguka na meza na vikombe.

"Mkuu, huyu ni bandia. Ingieni!"

Uani, injini ya lori la Renault iliunguruma. Solène alisukuma dirisha, akalenga tairi za mbele.

Mbili. Tatu.

Lori lilipinda na kujibamiza kwenye nguzo ya lango. Dereva alishuka mikono juu. Mapipa hayakupasuka, na kikosi cha askari kilichongoja nje kilikuwa kimeshajaa uani.

Solène alimkanyaga yule mtu begani. "Bastien yuko wapi?"

Alicheka, mdomo umepasuka kwa kuanguka, meno yamejaa damu. "Si ulikuwa unanywa kahawa naye?"

Kidevu chake kilielekea ukutani.

Solène aling'oa ubao mmoja kwa kucha. Nyuma yake kulikuwa na ujia mwembamba, walimopita watumishi wa zamani ili wakubwa wasiwaone. Bastien alikuwa humo, amefungwa, kitambaa mdomoni, kisu ubavuni. Mbao alipoegemea zilikuwa na mikwaruzo mipya ya visigino, ya mtu aliyejaribu kuita.

Shingo yake ilikuwa bado ya moto. Mapigo hakuna.

"Kazi safi," Mkuu alisema. "Paris imepona. Bastien?"

"Alikuwa hai nilipoingia."

"Usingeweza kujua."

"Nilikwambia nataka kuvunja mlango."

Solène alichomoa kile kidude sikioni, akakitupa kwenye kahawa iliyomwagika, akashuka ngazi bila haraka. Askari walimpisha. Mmoja alimpigia saluti, hakuiona.

Nje jua lilikuwa linawaka na watu walikuwa wanatoka sokoni. Mama yake Bastien alikaa mtaa wa tatu kutoka hapo, na siku ya soko kama ile angekuwa jikoni, anamngoja mwanawe aje kula.

Solène alitamani mtaa ule uwe mrefu zaidi. Alibisha hodi.