Mgonjwa na Mzima

Diski ilikuwa juu ya meza, haijaunganishwa na waya hata mmoja, na bado iligonga. Tk, tk, tk. Mara tatu, kisha kimya.

Fundi aliweka bisibisi chini akaitazama. Miaka kumi na moja alikuwa akifufua kompyuta katika kibanda chake kando ya duka la vitabu, na wateja walishamletea kila aina ya maneno. Mashine imelogwa, mashine ina jini. Naye huwajibu, "Jini gani? Vumbi hilo," akapuliza, na mara nyingi lilikuwa vumbi kweli. Lakini diski isiyo na umeme haina nguvu ya kugonga kitu. Akajiambia ni chuma kinapoa, akaendelea na kazi. Ilikuwa saa nane mchana, jua limejaa mlangoni, na nani huogopa saa nane mchana?

Tena, siku hiyo hofu isingepata pa kukaa. Alikuwa amejaa wivu mpaka kooni.

Kompyuta iliyotolewa diski hiyo ilikuwa ya mumewe, Mwalimu. Asubuhi ilikataa kuwaka, ikaonyesha skrini nyeusi na mstari mmoja wa maandishi kwamba diski haionekani. Humo ndimo ilimokuwa sauti ya marehemu, mke wa kwanza, akimwimbia bintiye wimbo alioutunga mwenyewe. Nakala nyingine haikuwepo popote. Kila jioni Mwalimu na binti huyo, waliyemwita Chiriku kwa jinsi alivyokuwa hanyamazi, walikaa mbele ya kompyuta wakagawana spika za masikioni, moja kwa baba, moja kwa mtoto. "Tusikusumbue," Mwalimu alisema. Basi miaka miwili Fundi hakusumbuliwa. Alipika, akafua, akamsuka Chiriku nywele, na Chiriku akamwita Anti. Mara moja tu mtoto alimpa habari za upande wa pili: "Mama chakula kikiiva alikuwa anagonga kikombe na pete yake, mara tatu. Wewe unaita tu."

Asubuhi ile Mwalimu alimfuata jikoni, kompyuta kaikumbatia.

"Utaweza?" alinong'ona. "Nakuomba, mke wangu. Chiriku amekataa kula."

"Nitajitahidi."

Hata siku ya posa hakuombwa kwa sauti ile. Aliibeba kompyuta hadi kibandani huku sauti hiyo ikimchoma njia nzima.

Fundi alikuwa na desturi moja ambayo hakuiacha kamwe. Diski inayokufa haichezewi. Kwanza hunakiliwa yote kwenye diski mpya. Na kosa la kuua kazi hiyo ni moja tu, kugeuza njia, ukaumwaga utupu wa diski mpya juu ya ile ya zamani na kufuta kila kitu. Kwa hiyo alibandika vipande vya utepe mweupe. Kwenye inayokufa aliandika MGONJWA. Kwenye ile ya kupokea, MZIMA. Kisha akafuata maandishi yake, na hakuwahi kukosea.

Mchana huo alivibandua vipande vyote viwili akavibadilisha. Sasa diski ya marehemu ndiyo iliyoitwa MZIMA. Atamwambia Mwalimu alichanganya, amsamehe, kazi zilikuwa nyingi. Watalia wiki moja, mbili, halafu spika zile zitawekwa kabatini na watu watatu watakula pamoja. Akaunganisha waya, akabonyeza.

Ikaja harufu ya sabuni ya waridi. Yeye hakuwa na sabuni ya waridi, wala duka la vitabu halikuuza. Kwenye skrini namba zilipanda, asilimia kumi, thelathini, na mlio wa kugonga ukaanza tena, tk, tk, tk, sasa haraka, kama mtu aliyefungiwa chumbani na kugundua kwamba chumba kinajaa maji. Alitaka kuchomoa waya na hakuuchomoa, kwa sababu ilikuwa asilimia sabini na alitaka sana ifike mia, na kadiri alivyotaka ndivyo mlio ulivyohama, ukatoka kwenye diski ukaingia kwenye mbao za meza, ukashuka mguu wa meza, ukapita sakafuni chini ya viatu vyake, ukapanda nyuma ya kiti, ukasimama hapo, na katikati ya mabega yake kidole gumba cha baridi kikasugua taratibu kutoka juu kwenda chini, namna anavyosugua yeye utepe ili ushike vizuri.

Mia. Kimya. Aligeuka, nyuma kulikuwa na ukuta tu.

Alizikagua diski zote mbili na zote zilikuwa tupu. Kipande cha MGONJWA kilikuwa mahali pake. Cha MZIMA hakikuwepo. Alikitafuta juu ya meza, chini ya meza, hata ndani ya viatu, mwishowe akafunga kibanda akaenda nyumbani.

"Imeshindikana," alimwambia Mwalimu mlangoni.

Mwalimu aliketi chini. Chiriku aliingia chumbani akafunga mlango. Fundi aliona haya, lakini chini ya haya kulikuwa na furaha, na alikuwa anaijua. Alikwenda jikoni kuandaa chakula. Akachukua kikombe, na kidole chake chenye pete kikakigonga. Tk, tk, tk.

Hakuwa amekusudia. Alijaribu kukiweka kikombe chini, mkono ukakataa, kisha kinywa chake kikafunguka kikaanza kuimba wimbo ambao hakuwahi kuusikia maishani.

*Lala kikombe, sahani imelala,
sufuria nayo imefunika kichwa...*

Mlango wa chumbani ulifunguka. Chiriku alisogea polepole, mkono ukutani.

"Anti," alinong'ona, "huo wimbo umeujulia wapi?"

Fundi alitaka kusema sijui, nisaidie, mwite baba. Kinywa kiliendelea na ubeti wa pili. Mwalimu alikuwa amesimama nyuma ya mtoto, machozi yakimtiririka, akimtazama mkewe kwa macho ambayo Fundi aliyatamani miaka miwili mizima.

"Una kitu mgongoni," Chiriku alisema. Akabandua kipande cha utepe mweupe, akakisoma kwa sauti ndogo. "Mzima."

Akauinua uso.

"Mama?"

"Naam, mwanangu," kinywa kikajibu, na mikono ikamkumbatia mtoto.

Na Fundi, ndani kabisa, mahali pembamba pasipo mwanga wala mlango, akaanza kugonga. Aligonga mara tatu, kisha akasikiliza.