Nani? Mimi

Giza lilikuwa linaingia nilipowapelekea askari wa doria ya wanyamapori betri za redio. Kazi ya tarishi, lakini dereva alikuwa mgonjwa, na mzima aliyebaki kituoni nilikuwa mimi, mkuu wa doria zote.

Kiongozi wa doria ile alikuwa shemeji yangu. Kesho yake angeanza likizo. Dada yangu alishanionya: "Kaka, nirudishie mume wangu mzima. Ukija bila yeye, usinibishie hodi."

Juzi yake shemeji alimpiga risasi jangili mwenye hirizi. Yule mtu, akikata roho, alimtemea damu usoni akanong'ona, "Sauti yako nitaivaa."

Tulicheka. Porini usipocheka utalia.

Kambini sikukuta mtu. Wenzake walikuwa wamevizia ng'ambo ya korongo. Moto ulifuka, na harufu ya damu mbichi ilinijaa puani.

Kichaka kikatikisika. Nikainua bunduki.

"Nani?"

Doria haijibu "mimi". Kila mtu ni mimi, hata jangili. Unataja jina lako la porini. Shemeji alikuwa Nyundo, kwa ugumu wa kichwa chake. Ukijibu vingine unapigwa risasi. Sheria hiyo niliiweka mwenyewe.

"Mimi..."

"Mimi nani? Sema!"

"Mimi... mimi..."

Kitu kikanijia mbio, kikikoroma.

Nikafyatua. Tena. Na tena.

Nikamulika tochi... Shemeji. Risasi zangu zilikuwa zimempasua kifua. Lakini ulimi wake ulikuwa umekatwa kabla, kwenye shina. "Mimi" ni neno la midomo. "Nyundo" lingehitaji ulimi.

Nikampakata, nikalia kama mtoto.

Redio yangu ikakwaruza.

"Kituo, hapa Nyundo," ikasema sauti ya shemeji, safi kabisa. "Naenda nyumbani."

Tulimzika. Dada hakunifukuza, na hilo liliniuma zaidi. Nikawa nalala sebuleni kwake, bunduki mapajani.

Jana jioni alikuwa jikoni. Mlango ukagongwa.

"Hodi..."

"Nani?" akaitikia dada, kwa mazoea.

"Mimi," ikajibu sauti ya shemeji.

Nyumbani nani hujibu vingine?

Sufuria ikaanguka. Dada akapita mbio mbele yangu, akilia kwa furaha. "Ni yeye, kaka! Ni yeye!"

"Dada, usifungue!"

Nikaelekeza bunduki mlangoni. Kidole kikagoma. "Mimi" niliyoipiga risasi ilikuwa ya kweli.

Dada akavuta komeo.