Jalebi Baada ya Saini

Treni ya Kigoma ilipoingia stesheni ya Tabora, Lugembe alikuwa akisukumana na wachukuzi juu ya madebe yake ya asali. Nywele alizipasua njia, na shati lake la nailoni lilikuwa limelowa jasho. Debe moja lilimwagikia gauni la maua la Benedikta Ngollo.

"Samahani, dada. Nitakulipia."

"Hulipi wewe, inalipa kampuni. Na mimi ni mbia wake."

Lugembe ndiye aliyeendesha ubia ule wa asali na nta, na huyu, kumbe, alikuwa binti wa marehemu Ngollo, aliyerithi fungu la baba yake. Wabia wengine wawili, Laxmidas mwenye duka na mzee Mabruki, walikuwa kama Benedikta: walitoa mtaji, wasiguse uendeshaji, na biashara ikianguka wapoteze walichoweka, basi. Walikuwa na neno moja tu la kusema. Kila mwaka hesabu hazikupita mpaka wote wazitie saini.

Neno hilo waliliuza kwa jalebi. Jasoda, mke wa Laxmidas, alizikaanga siku ya kikao, na desturi yao ilikuwa mtu asiguse sahani kabla ya saini zote kutiwa. Basi walisaini mbio, macho kwenye sahani. Nchi ilikuwa na miaka minne ya kujitawala, na wazee hawa hawakuweza kujitawala mbele ya kitu kitamu.

Benedikta alikuwa opereta wa simu posta. Kila asubuhi Lugembe alipiga.

"Namba gani, tafadhali?"

"Yako, asali wangu."

"Asali yako imo kwenye madebe. Mimi nina jina."

"Bene wangu, basi."

"Hapo sawa." Alicheka mpaka wenzake wakageuka. Alimpenda, tena sana.

Kikao kilipokaribia, yeye ndiye aliyeuliza. "Hesabu nitazipata lini nizisome?"

Lugembe alipandisha sauti. "Za nini? Huniamini?"

"Nakupenda. Kusoma ni kitu kingine."

Hesabu zilikuwa safi, msimtilie shaka. Lugembe hakuwa mwizi. Alikuwa mwanamume ambaye hajawahi kuulizwa, akadhani kuulizwa ni kutukanwa. Akazikalia hesabu, na siku moja kabla ya kikao akamtuma mshenga Cheyo kwa Jilala, baba mdogo wa Benedikta, na pete. Mchumba, aliwaza, hamhoji mtu wake mbele ya wazee. Hiyo ndiyo akili aliyoringia mjini.

Benedikta alilia kwa furaha. Akaja kikaoni amevaa pete na gauni jipya la kijani.

"Shikamooni."

"Marahaba, binti Ngollo," alijibu Laxmidas, akimsogezea kiti.

Lugembe alisimama akitabasamu. "Wazee, huyu sasa ni mchumba wangu. Kwa hiyo mwaka huu hatutachelewa kula."

Wazee walicheka. Benedikta hakucheka. Alielewa pete ile ilitumwa kufanya kazi gani, na moyo ulimuuma.

"Nipe hizo hesabu," alisema.

"Bene, mama, si hapa."

"Ni hapa hasa."

Alisoma ukurasa kwa ukurasa, akiuliza bei ya nta, nauli ya treni, madebe yaliyovuja. Lugembe alijibu kwa kununa. Jalebi zilipoa. Mzee Mabruki alimeza mate kwa sauti. Mwishowe Benedikta alichukua kalamu, akasaini.

"Ni safi. Ungenipa nisome, ningekusifu mbele yao." Alivua pete, akaiweka mezani. "Saini umeshapata. Kama unanitaka mimi, nipose sasa, wewe mwenyewe, wakati huna tena unachokihitaji kwangu."

Lugembe alimtazama Laxmidas, kana kwamba hata hilo lilihitaji wabia wote.

"Tutazungumza, Bene," alisema. "Wazee wana njaa."

Mabruki alikuwa ameshatafuna ya kwanza. Benedikta alichukua mkoba wake, akatoka.

Asubuhi simu ililia posta.

"Namba gani, tafadhali?"

Lugembe alikohoa. Angeweza kumposa hapo hapo. Kisha akataja namba ya mnunuzi wa nta Dar es Salaam, naye Benedikta akamuunganisha.