Nahla na Mashine Mpya ya Gemu

Siku ya nne ya likizo, Nahla aliamka mwili wote ukimuuma. Alisali, akanywa chai kwa muhogo, kisha akachukua kikapu chake na kigoe cha kuvutia matawi. Msimu wa karafuu pale kijijini Ole, Pemba, ndivyo ulivyo: asubuhi kuchuma, jioni kuchambua, na katikati kukimbilia kuanua majamvi ya karafuu zilizoanikwa kila wingu linapotanda. Alikuwa na miaka kumi na mitatu tu, lakini alitembea kama bibi kizee.

Mwaka ule baba yake, Mzee Vuai, alimpa mkarafuu mmoja uwe wake. Karafuu zake zikiuzwa, angenunua mashine mpya ya gemu kama ya Safaa, binti ya ami yake wa Jadida. Safaa mwenyewe, alipokuja kusaidia kuchambua, hakumficha kitu.

"Picha zinang'ara, sikatai," alisema. "Lakini mpira ni ule ule. Tena yangu haina pa kutia diski. Kila mchezo unapakuliwa, bando linakwisha, nabaki kuitazama tu. Hizo diski zako zote utazitupa."

"Mie naitaka hivyo hivyo," alijibu Nahla. "Hii yangu nimeichoka."

Asubuhi ile, juu ya mkarafuu wake, mikono ilimfa ganzi mapema. Kuchuma kishada kimoja kimoja kukamshinda. Akatazama huku na huku, akavunja tawi zima, akashuka nalo, akakaa kitako kulipukutisha. Akarudi kuvunja la pili, na la tatu. Hakuna mtoto wa Pemba asiyejua kwamba mkarafuu ukivunjwa matawi, upande ule hukaa misimu kadhaa bila kuzaa. Nahla alijua vizuri sana.

Baba alipoyaona matawi yale, alihamaki. Akamwita Nyange, mchumaji wao wa kibarua, aliyekuwa akichuma mti wa pili yake.

"Huku ndiko kuchuma? Kusanya vyako, kesho usije!"

Nyange aliapa kwamba hakuugusa mti ule, lakini hakusikilizwa. Akaanza kukunja kamba yake ya kupandia. Alikuwa na watoto wanne wa kulisha. Nahla alijua kwamba akinyamaza, mashine ataipata. Akisema, huenda akanyang'anywa mti wake.

"Baba, ni mimi," alisema. "Nilichoka."

Baba akamgeukia. "Na hiyo mashine yako ya zamani ina ubovu gani?"

"Haina ubovu, baba. Nayo nimeichoka tu."

Mzee Vuai akakaa chini. "Kuchoka si kosa, mwanangu. Hata mimi nimechoka, ndiyo maana nimemfukuza mtu bila ya kumuuliza. Mtu akichoka hupumzika kwanza, ndipo akaamua. Karafuu bado ni zako. Kalale, kisha uniambie unataka nini."

Nahla alilala mpaka alasiri. Alipoamka, alishangaa kuona hamu ya mashine mpya imemtoka.

"Baba, niliyonayo inanitosha mpaka ife yenyewe," alisema.

Kisha akamwendea Nyange, ambaye baba alikwisha kumtaka radhi na kumrudisha kazini, naye akamtaka radhi.

"Yashakwisha, Nahla," alisema Nyange kwa sauti ya uchovu. "Lakini ungelinyamaza, mti ungelichipua tena. Jina langu nani angelinirudishia?"

Nahla alifuta machozi, akachukua kikapu chake, akakaa karibu naye kuchambua.