Vipande Saba vya Danford

Mlango wa chumba cha baridi ulikataa kujifunga kwa sababu skrini ilisema bado kuna mtu mmoja ndani, na ndani hakukuwa na mtu. Mara ya tatu wiki ile! Wapakiaji wa ghala la parachichi pale Mjimwema walishazoea. Walichungulia ndani, wakamsalimu huyo asiyekuwepo, "Kamwene!", wakacheka na kuendelea na kazi. Meneja Manase hakucheka. Akamwita Eveline kutoka Makambako aje airekebishe ile programu inayohesabu wanaoingia na kutoka, maana siku mlango utakapojifunga na binadamu yumo ndani, baridi ile haitamhurumia.

Eveline hakusubiri kubembelezwa. Mdogo wake, Zita, ndiye aliyepanga makreti mle ndani kila asubuhi.

Sasa huyu Eveline, jamani, hakuvumilia uchafu kabisa. Waandishi wa programu wana msemo wao, kwamba programu inayofanya kazi lakini imeandikwa ovyoovyo, inanuka. Hii ilinuka haswa. Maelekezo yaleyale yamerudiwa huku na kule, majina hayana kichwa wala miguu. "Huyu Danford alikuwa anaandika usingizini?" akamuuliza Manase. Danford ndiye aliyeiandika, kisha akaacha kazi ghafla, akarudi kwao Ipelele kulima viazi.

Kilichomkera zaidi ni vipande saba vya programu vilivyotawanywa kimoja mbali na kingine, kila kimoja pungufu, kila kimoja na onyo lilelile juu yake: Usikusanye. Eveline akasonya, akavikusanya. Vilipokaa pamoja vikashikana bila pengo, na fungu lile likasomeka wazi: fungua mlango, usidai kadi, ongeza mtu mmoja. Akadhani ni la wakaguzi wanaokuja bila kadi. Na kwa kuwa alifundishwa kwamba jina lazima liseme kazi yenyewe, akaliita Mpokee Mgeni. Majaribio yote yakapita, hesabu ikasoma sifuri, mlango ukajifunga wenyewe. Manase akampigia makofi.

Kesho yake saa nne asubuhi, ukungu haujaondoka mjini, Zita akagusisha kadi yake akaingia, akaurudishia mlango. Skrini ikaandika: Ndani, 1. Eveline, aliyebaki kuangalia, akainama kunywa chai, akainua macho. Ndani, 2. Hakuna aliyepita. Chini ya mlango ikatoka harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi, na mle ndani ni saruji tupu. Wapakiaji wakarudi nyuma mmoja mmoja.

Eveline akaomba namba kwa Manase, akampigia Danford.

"Ulivikuta vingapi?" Danford aliuliza kwa sauti ya chini.

"Saba."

"Na ukaviacha?"

"Nimevikusanya."

"Dada yangu... kuna jini lililokuwa linaingia chumbani humo pamoja na watu. Tuliomba, pasta akaja mara mbili, halikutoka. Mganga mmoja akaniambia halifukuziki, nilikatekate nilitawanye, lisipate kuwa zima. Ningelitawanya wapi kama si ndani ya programu? Niambie hukulipa jina."

"Nimeliita Mpokee Mgeni."

"Mungu wangu, umelikaribisha! Mtoe aliyemo ndani, halafu rudisha kila kipande kilipokuwa!"

Eveline aliitupa simu akakimbia, akauvuta mlango kwa mikono miwili huku akiita Zita, Zita, na ukungu wa baridi ukammwagikia usoni hata asione kitu, akapapasa, akakamata mkono, akauvuta kwa nguvu zote, na Zita akatoka akitabasamu, kiganja chake cha moto ingawa alikuwa amekaa baridini robo saa nzima, na wapakiaji nyuma yao wakausukuma mlango na kuukaza kwa komeo, kisha wakatimua mbio kuelekea barabarani, na Eveline, akilia kwa furaha, asitake kumwachia mdogo wake hata kidogo, akamkokota hadi kwenye kompyuta, akairudisha programu ya zamani kwa mkono mmoja, vipande vyote saba, kila kimoja mahali pake.

Akashusha pumzi. Akaitazama skrini.

Ndani, 1. Zita Mligo.

"Nimeshatoka, dada," Zita alisema taratibu. "Kwani hunioni?"

Ndipo mlango ukagongwa kutoka ndani, polepole, na sauti iliyokwisha kuishiwa nguvu ikaita, "Dada Eve, mbona mnanifungia? Nakufa na baridi, dada."

Eveline akaruka kwenda kufungua, na ule mkono wa moto ukakataa kumwachia.